SOMO: Kupima kiwele kwa CMT, na kwa nini ule mlenda si usaha

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara sita swali hili hili: "Nimeshaweka dawa, mbona kipimo bado kinaganda?" CMT ni kipimo cha ugonjwa wa kiwele (mastitis): unachanganya maziwa na dawa ya kupimia, kisha unatazama kama yanaganda. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Unahitaji sahani ya CMT yenye vikombe vinne, dawa yake ya zambarau, kitambaa safi kwa kila ng'ombe, na tochi kama unakamua alfajiri.

1. Nawa mikono. Osha chuchu, kausha.

2. Michirizi mitatu ya mwanzo ikamulie kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, damu au majimaji, CMT ya nini tena? Huo ni ugonjwa wa wazi, ita daktari wa mifugo.

3. Mshikio wa sahani uelekee upande mmoja siku zote. Mimi nauelekeza mkiani. Kila chuchu kikombe chake.

4. Inamisha sahani, maziwa ya ziada yamwagike, zibaki kama mililita 2. Weka dawa kiasi hicho hicho.

5. Zungusha taratibu sekunde 10, soma hapo hapo. Ute hafifu ukiuchelewesha unapotea, nawe utasema robo (sehemu ya kiwele yenye chuchu moja) ni nzima.

6. Kusoma majibu. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka juzi chotara wangu wa Friesian aliganda robo ya nyuma kushoto, ukiinamisha sahani unashuka wote kwa pamoja kama mlenda. Daktari akaandika tyubu za siku tatu (antibiotiki ya kuingizwa ndani ya chuchu), nikamaliza. Siku nne baadaye nikapima: mlenda ule ule. Nikanunua tyubu nyingine bila kumuuliza mtu. Mlenda. Nikanunua tena. Karibu wiki tatu maziwa ya robo zote nne yakaenda shimoni, maana dawa ikishaingia huuzi hata ya zile robo nzima. Daktari aliporudi alinifokea, tukasubiri dawa iishe mwilini, akachukua sampuli mbili zilizopishana wiki moja. Maabara hawakuotesha bakteria yeyote. Adui alishakufa, nami nilikuwa napiga kaburi mabomu.

Kosa langu lilikuwa kudhani ule ute ni usaha, au ni bakteria wenyewe. Dawa ya CMT ni sabuni yenye rangi, basi. (C ni California, walikoitunga mwaka 1957.) Sabuni inapasua seli zilizomo kwenye maziwa, DNA yake inamwagika na kushikana, ndiyo mlenda unaouona. Na seli hizo kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu, askari wa ng'ombe mwenyewe. Robo yenye afya huwa nazo chini ya 100,000 kwa mililita moja. Bakteria akipenya tundu la chuchu, seli za ndani ya kiwele zinatoa kemikali za kuitana, mishipa ya damu inafungua njia, na neutrofili (aina mojawapo ya hizo chembe nyeupe) zinamiminika kwenye maziwa kumeza kila wanachokutana nacho. Kipimo kikisoma 3, yaani alama ya juu kabisa, ute mzito, mara nyingi zimeshapita milioni 5. Vita vikiisha askari hawarudi kambini siku hiyo hiyo. Hesabu yao inaweza kuchukua wiki kadhaa kushuka.

MAONYO: Usiweke tyubu kwa sababu ya CMT peke yake. Usimpime aliyezaa juzi ukashtuka, dang'a ina seli nyingi kwa asili yake, na anayekaribia kukauka maziwa naye hupanda kidogo. Linganisha robo na robo: zote nne zikiwa na ute hafifu si sawa na moja kusoma 3.

7. Chovya chuchu kwenye dawa ya iodini, mwekee majani mabichi asimame angalau nusu saa. Baada ya kukamua tundu la chuchu linachelewa kujifunga, na huku Rungwe matope hayasubiri.

MASWALI

Kibuyu: Mkuu, tyubu gani kali zaidi?

Mwandishi: Soma hatua ya 6.

Kibuyu: Nimesoma, nataka jina la dawa tu.

Mwandishi: Sitaji. Sijui una bakteria gani, na wewe pia hujui. Peleka sampuli.

MamaNdama: Shikamoo. Nina ng'ombe wawili wamenichanganya. Mmoja alizaa, wiki hiyo hiyo akalala chini usiku mmoja, homa 41, maziwa kama maji ya kunde. Mwingine anakula, anacheua, ila CMT yake inapanda na kushuka mwezi wa nne sasa. Ni ugonjwa mmoja?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri. Kiwele kimoja, adui tofauti. Yule wa kwanza ana sura ya E. koli. Ukuta wa bakteria huyo una sumu ambayo mwili unaitambua upesi, kinga inalipuka, na kinachomlaza ng'ombe ni mlipuko huo pamoja na sumu. Huyo ni wa kuita daktari usiku huo huo, asubuhi ni mbali. Wa pili ana sura ya bakteria Stafilokokasi aureus. Huyo haamshi kelele kubwa, anajificha hata ndani ya seli na kujijengea vijifuko kwenye nyama ya kiwele, dawa haimfikii vizuri. Anatoka kwa vipindi, ndiyo maana sampuli moja inaweza kukudanganya. Mkamue wa mwisho, kitambaa chake peke yake.

Chotara7: Nasoma diploma ya mifugo. Kama askari ni mamilioni, kwa nini wanashindwa?

Mwandishi: Kwa sababu wanapigania ndani ya maziwa. Neutrofili haichagui: inameza matone ya mafuta na kaseini (protini ya maziwa), inashiba kabla ya kumfikia bakteria. Halafu ng'ombe aliyetoka kuzaa anatoa nguvu nyingi kuliko anazokula, askari wake wanakuwa wachovu, na ndiyo sababu wa MamaNdama alianguka wiki ile. Seleniamu na vitamini E zinawasaidia kuua walichomeza, kwa hiyo usidharau madini ya kulamba kipindi cha ukavu, akiwa hakamuliwi kabla ya kuzaa.

Fundi Pumba: Huku dawa ya CMT haipatikani. Sabuni ya unga inafaa?

Mwandishi: Inafaa. Pakistani wana kipimo cha hivyo. Gramu 30 kwa lita ya maji, changanya nusu kwa nusu na maziwa. Haina rangi, tazama ute tu. Na usimpe paka ulichopimia.

Kibuyu: Kwani dawa ikibaki kwenye maziwa kuna shida gani? Yanachemshwa.

Mwandishi: Kuchemsha hakuondoi antibiotiki. Fuata siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukitaka kuona kwa macho, jaribu kugandisha maziwa hayo: wale bakteria wa mtindi nao wanauawa, haugandi.

MamaNdama: Kumbe! Wiki hii mtindi wangu umekataa mara mbili, nikalaumu kibuyu.

Mwandishi: Maziwa ya nani?

MamaNdama: Ya jirani, wangu si wamekatika.

Mwandishi: Nenda kamuulize jirani ameweka tyubu lini.