SOMO: Kukagua chupa ya Brunello di Montalcino iliyosafiri, kabla hujailipia

Habari zenu wadau. Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya chupa halafu anauliza "mkuu hii ni orijino?", na picha yenyewe ni ya lebo ya mbele tu. Sasa lebo ya mbele ndo kitu rahisi kuliko vyote kufoji, mwenye printa nzuri anamaliza kazi mchana mmoja, kwahiyo leo naandika somo zima ili nikiulizwa tena naelekeza huku.

Natumia Brunello kwasababu sheria zake ni ngumu na ziko wazi, na sheria ikiwa ngumu mwongo anakuwa na sehemu nyingi za kujikwaa. Kwa asiyeijua, ni waini nyekundu ya Italia, inatoka Montalcino, mji mdogo wa juu ya kilima kusini mwa Siena kule Toscana. Zabibu ni aina moja tu, Sangiovese asilimia 100. Jina lilianza kujengwa na familia ya Biondi-Santi karne ya 19, chama cha wazalishaji kikaanzishwa 1967, na mwaka 1980 ikaingia daraja la DOCG ambalo ndo la juu kabisa kwa waini za Italia. Bei yake inatamanisha, na penye bei ya kutamanisha wajanja hawakosi.

Hatua ya 1: hesabu miaka kwa vidole

Usicheke, hii peke yake inanasa wengi. Brunello ya kawaida hairuhusiwi kutoka kabla ya Januari 1 ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na ile iliyoandikwa Riserva ni mwaka wa sita. Chukua mwaka ulio kwenye lebo, jumlisha tano. Ya 2019 imetoka 2024, Riserva ya 2019 imetoka 2025. Katikati hapo lazima ilale kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka miwili, halafu ndani ya chupa miezi minne (Riserva sita). Mtu akikuonyesha chupa iliyowahi kuliko kalenda, usiendelee hata na hatua ya pili.

Hapo hapo soma jina lote. Kuna Rosso di Montalcino, ni mdogo wake Brunello, zabibu zilezile lakini inaruhusiwa kuuzwa Septemba ya mwaka unaofuata mavuno na bei yake iko chini sana. Ni waini halali kabisa, sina ugomvi nayo. Shida ni muuzaji anayekuwekea kidole juu ya neno Rosso na kukusomea "Montalcino" kwa sauti ya juu.

Hatua ya 2: umbo la chupa

Fupi tu. Chupa ni ya mtindo wa Bordeaux, yaani mabega yaliyosimama, kioo cheusi cheusi, na kizibo cha gome. Ukikuta mabega yaliyolala au kifuniko cha kuzungusha, hiyo sio Brunello. Pia lazima iwe imejazwa kwenye chupa hukohuko eneo la Montalcino, hairuhusiwi kusafirishwa kwa tenki ikajazwe nchi nyingine. Lebo ikisema imejaziwa kwingine, umemaliza kazi.

Hatua ya 3: utepe wa serikali

Shingoni kuna utepe wa karatasi unaochapwa na kiwanda cha serikali ya Italia, kilekile kinachohusika na nyaraka nyeti za dola. Kila utepe una namba yake, herufi na tarakimu, na umeandikwa ujazo wa chupa. Unabandikwa kwa namna ambayo huwezi kufungua chupa bila kuuchana. Kwahiyo angalia vitu vitatu: je umepita juu ya foili (lile bati laini linalofunika mdomo wa chupa) kweli au umegandishwa pembeni kama pambo? Kuna dalili ya kubanduliwa na kurudishwa, gundi mbili, kona iliyojikunja? Na kama unaona chupa kadhaa pamoja, namba zinatofautiana? Niliwahi kuona kreti ya chupa sita zenye namba moja, yaani jamaa alipiga skani utepe mmoja akachapa sita, hakuwa na akili hata ya kubadilisha tarakimu ya mwisho.

Namba ikiwa safi, iandike, mtumie mzalishaji barua pepe umuulize kama ni ya kwake. Wengi ni familia, mashamba madogo, na wanajibu maana jina ni lao.

Lakini sikilizeni hapa, na ndo maana sitaki mtu aishie hatua hii. Utepe unathibitisha karatasi, hauthibitishi kilichomo. Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Siena walianza kuchunguza madai kwamba baadhi ya wazalishaji wenyewe walichanganya zabibu nyingine humo ndani, na hiyo ilikuwa ni waini yenye utepe halali! Chupa zikazuiliwa, Marekani ambayo ni soko kubwa la Brunello ikataka cheti cha kuthibitisha kila mzigo ni Sangiovese tupu ndo uingie. Oktoba mwaka huohuo wazalishaji wakapiga kura, je tulegeze sheria? Wakakataa kwa kura nyingi mno, ikabaki 100%. Halafu 2014 polisi wa fedha wa Siena wakakamata lita zaidi ya 160,000 za waini ya bei rahisi iliyokuwa imeandikishwa kwenye makaratasi kama Brunello na waini nyingine za majina. Kwahiyo utepe ni muhimu ila sio Mungu.

Hatua ya 4: lebo ya nyuma, yaani njia iliyopita

Chupa ya soko la nje inabeba pasipoti yake mgongoni. Ile iliyopelekwa Marekani itakuwa na jina la mwagizaji na lile onyo la serikali kuhusu ujauzito na kuendesha gari, na lebo inakuwa imepitishwa na TTB, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia pombe, ambayo ina rejista ya lebo iko wazi mtandaoni, unaandika jina la mzalishaji unaona picha ya lebo iliyokubaliwa. Linganisha herufi kwa herufi. Feki nyingi zinafia kwenye tahajia ya Kitaliano, nukta imekosekana, herufi imerudiwa, "imbottigliato" (yaani imejazwa kwenye chupa) ina t moja katikati badala ya mbili.

Halafu tafuta namba ya loti (kundi la chupa zilizojazwa pamoja), kwa kawaida inaanza na L, iko kwenye lebo au imechomwa kwenye kioo chini. Ikiwa imekwanguliwa, uliza kwanini. Mara nyingi waini ni halali ila kuna mtu hataki mzalishaji ajue imepitia mlango gani, na asiyetaka ijulikane ilikopita hatakwambia pia ilikaa wapi na kwa joto gani.

Hatua ya 5: shingo, usawa na kizibo

Hapa tunaacha ufeki tunaingia ubora, maana chupa inaweza kuwa orijino kwa asilimia mia na bado ni siki mtarajiwa. Kontena isiyo na ubaridi ikikaa juani bandarini, waini inatanuka, inasukuma kizibo, inavuja kidogo. Shika foili kwa vidole viwili ujaribu kuizungusha taratibu. Ikizunguka ni dalili nzuri. Ikigoma, kama imegandishwa na sukari, huenda waini ilipanda ikakaukia humo (sio lazima, foili nyingine zinabana tu kiwandani). Gusa juu kwa kidole, kizibo kimesawazika na mdomo wa chupa au kimevimba kuelekea juu? Inua chupa kwenye mwanga uangalie usawa, kwa chupa changa waini inatakiwa iwe ndani ya shingo, ikiwa imeshuka mpaka mabegani kuna mahali imetokea.

Mimi yalinikuta. Chupa ya 2010, mwaka ambao chama cha Montalcino kiliupa nyota tano, utepe safi, namba safi, mzalishaji kajibu ni yangu. Nikaifungua mbele ya wageni, kizibo kikatoka na mistari myekundu iliyopanda ubavuni mpaka juu kabisa, harufu ya zabibu kavu zilizopikwa. Muuzaji alikuwa anaiweka dirishani ipendeze. Wageni walinywa kwa adabu, mi nilijua.

Hatua ya 6: rangi na mdomo

Sangiovese haina weusi mwingi. Mimina kidogo, inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, Brunello ya umri wa kuuzwa inapitisha mwanga, nyekundu inayoanza kuelekea rangi ya tofali pembezoni. Ukiona zambarau nzito isiyopitisha kitu, jiulize kuna nini kingine humo. Mdomoni tegemea uchachu wa kutosha na tanini zinazokausha fizi, cheri, udongo mkavu. Ila ulimi ndo shahidi wa mwisho na ndo shahidi dhaifu, ukishaambiwa bei tu unaanza kuonja utajiri. Maabara wanapima rangi zenyewe, mpangilio wa chembe za rangi za Sangiovese ni tofauti na wa zabibu nyingine kama Merlot, kwahiyo ubishi mkubwa unaishia huko.

Haya, maswali.

Binti Zabibu: Shikamoo mkuu. Nasikia Brunello inayopelekwa Marekani inaongezwa sulfaiti ndo maana inaumiza kichwa, ya Italia haiumizi. Ni kweli?

*Jibu:* Marahaba dada. Hapana. Sulfaiti ni kihifadhi cha waini, na hilo neno linaandikwa kote, hata Ulaya ni lazima kuanzia miligramu 10 kwa lita. Ulaya kikomo cha waini nyekundu kavu ni 150, Marekani 350, lakini mzalishaji hana sababu ya kutengeneza pipa la pili la kupeleka ng'ambo. Pipa ni lilelile. Ukiwa Toscana unakunywa na chakula, taratibu, uko likizo, kichwa kitauma saa ngapi?

Mzee wa Vizibo: Nina picha mbili, mwaka mmoja mzalishaji mmoja, lebo moja imeandika 14.5% nyingine 14.3%. Ipi feki?

*Jibu:* Inawezekana hakuna hata moja mzee wangu. Ulaya wanaandika kwa namba nzima au nusu, kwahiyo 14.3 inasogezwa. Lebo ya Marekani inaruhusiwa kuandika hiyo 14.3 yenyewe. Tofauti ikifika asilimia nzima ndo uanze kukunja uso.

kaka_mapipa: Je kununua kwa mtu asiye mwagizaji rasmi ni kosa? Bei yake nzuri sana

*Jibu:* Kisheria inategemea nchi. Kiubora, unanunua waini bila historia yake. Mi nauliza maswali mawili tu: umeipata kwa nani, na ilisafiri kwenye kontena ya ubaridi? Akinijibu kwa hasira naondoka. Akitoa ankara naikagua kama kawaida, hatua ya 1 mpaka ya 5.

Binti Zabibu: Nyongeza mkuu, kuna mtu ana ya 1964 haina utepe kabisa, na kizibo kinaonekana kipya!

*Jibu:* Utepe kutokuwepo sio kosa, 1964 DOCG haikuwepo, hata daraja la chini yake Brunello ililipata 1966. Kizibo kipya nacho kinaweza kuwa halali, Biondi-Santi walijulikana kwa miaka mingi kwa kufungua chupa kuukuu za wateja, kuzijazia na kuziba upya. Ila kazi hiyo haifanywi kimyakimya, omba karatasi. Bila karatasi, kizibo kipya kwenye chupa ya babu ni mgeni asiye na mwenyeji.

kaka_mapipa: Na chupa tupu tunafanyia nini, mi naziweka kabatini kwa urembo

*Jibu:* Weka, ila zikitoka nyumbani zisitoke nzima. Rudy Kurniawan aliyefungwa miaka 10 Marekani mwaka 2014 kwa kuuza waini feki za Ufaransa alikutwa na lebo, vizibo na chupa nyumbani kwake California, na sehemu ya mtaji wake ilikuwa chupa tupu za kweli. Kwahiyo chana utepe, piga kalamu nene juu ya lebo, mbele na nyuma, au ivunje kabisa. Kizibo kaa nacho.