Mzabibu Wenye Majani Mengi, Vichala Vichache

Pita kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi au Bihawana baada ya machipukizi kukomaa, hukosi kuona mizabibu iliyosongamana hadi mkono haupenyi. Mwenye shamba huifurahia, maana katika ukame wetu wa Dodoma ukijani ni neema. Lakini msongamano huo unakula mavuno, na hasara yake kubwa huonekana msimu unaofuata. Ndiyo maana wengi hulaumu mbegu au mvua.

Kichala utakachovuna msimu ujao kinaanza kuumbwa msimu huu, karibu na wakati wa maua, ndani ya macho, yaani vifundo vya kuchipulia, yaliyo kwapani mwa majani. Humo mna kijivimbe kidogo mno ambacho kinaweza kuwa kichala, au kikawa kile kikamba kinachojisokota kwenye waya. Homoni, yaani kemikali zinazoongoza ukuaji wa mmea, ndizo zinazoamua. Saitokinini huvuta kuelekea kichala, giberelini huvuta kuelekea kikamba. Mwanga wa jua hukisaidia kichala: jicho lililokulia juani huzaa vizuri, lililokulia kivulini hutoa tawi refu lisilo na kitu. Nikikuta shamba limejaa vikamba, huuliza kwanza msimu uliopita lilipunguzwa machipukizi lini.

Mmea huujua vipi huo msongamano? Majani ya juu hunyonya mwanga mwekundu na kuacha mwanga mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri, upite kwenda chini. Matawi ya ndani huhisi mabadiliko hayo, nayo hurefuka haraka kutafuta jua. Miche ya nyanya iliyo kitaluni chini ya mwarobaini hufanya vivyo hivyo, ikawa mirefu na myembamba, ikalala siku ya kwanza ya upepo.

Ncha ya tawi nayo ina mamlaka yake. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi mche mchanga wa nyasi unavyopinda kufuata mwanga, na kwamba ukiifunika ncha yake, haupindi. Baadaye ikajulikana kuwa kinachotoka kwenye ncha ni oksini. Homoni hiyo hushuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Kwa hiyo tawi uliloliacha wakati wa kupogoa lilaze na ulifunge sambamba na waya. Likisimama wima, macho ya mwisho yatachipua na ya katikati yatalala.

Machipukizi yakifika urefu wa shubiri moja, yapunguze. Acha moja kwa kila jicho, ng'oa yote yanayotoka kwenye shina chini ya waya. Fanya hivyo kabla ya maua, kwa mkono, yangali laini. Kazi hii inachosha na inahitaji watu, lakini sijui kazi nyingine shambani inayolipa misimu miwili kwa mpigo.

Kuondoa majani kusubiri hadi punje zifunge. Hapo ondoa machache yanayovifunika vichala, upande wa mashariki tu. Jua la asubuhi hukausha umande na kupunguza magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Jua letu la saa nane huunguza punje, hivyo majani ya magharibi yaache yawe mwavuli. Nani asiyelijua jua hilo?

Mbolea ya naitrojeni iwe ya kiasi. Urea nyingi huleta majani, majani huleta kivuli, na macho yanakosa mwanga.

Giberelini ya dukani, ya kukuza punje, usiipulize kwenye zabibu zenye mbegu kwa kumwiga jirani. Inaweza kupunguza vichala vya msimu unaofuata, kwa sababu ileile iliyoelezwa juu. Muulize kwanza afisa ugani wa kata yako, au wataalamu wa zabibu wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora, ukiwatajia aina uliyopanda.