SOMO: Wembe wa mashine ubadilishe baada ya muda gani? (kwa tunaonyoa kwa maji na povu)

Wakuu habari za jioni. Huku Kigoma mvua zimeshaanza na ndo msimu ambao nyembe zinaliwa na kutu kuliko muda mwingine wowote, kwaiyo nimeona nishushe hili somo, maana ukipita kuanzia Mwanga mpaka Ujiji vijana wengi kidevu na shingo vimejaa vipele na ukimuuliza anakwambia ndevu zake ndo zilivyo, kumbe wembe ule ule kaung'ang'ania wiki ya tatu sasa.

Nazungumzia ile mashine ya chuma ya kufungua, unaweka wembe mmoja wenye makali pande mbili. Ni kitu cha zamani, Gillette wa Marekani alianza kuziuza 1903 na mwaka ule zilitoka mashine 51 tu na nyembe 168, na wazo zima lilikuwa wembe uwe wa bei rahisi, ukiisha makali unatupa unaweka mwingine. Sasa sisi mashine tunaijali vizuri ila wembe tunauonea huruma.

Jibu la haraka kwa wenye haraka: hesabu mara ulizonyoa, siku achana nazo. Ndevu za kawaida mara 5 hivi. Ndevu nzito ngumu mara 3 au 4. Kijana mwenye ndevu laini anaweza kufika 7. Ukinyoa kichwa kizima punguza sana, mara 1 au 2 inatosha. Wenye muda tuendelee.

Hatua ya 1, lainisha ndevu. Maji ya uvuguvugu dakika 2 au 3 kabla ya povu, nyoa ukitoka kuoga ndo rahisi zaidi. Wahenga walishasema mwenzio akinyolewa zako tia maji, na kweli unywele ukinywa maji unalainika sana, mkavu unamaliza wembe haraka. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani waliangalia wembe kwa hadubini wakakuta unywele, ambao ni laini kuliko chuma kama mara 50, bado unamega vipande vidogo sana kwenye makali pale penye udhaifu. Yani wembe hauishi kwa kusagika tu, unamegeka, na ule ukingo uliomegeka ndo unakukwaruza. Sabuni ya mawese inafaa kwa povu ila iwe imekaa ikakauka vizuri, ile iliyotoka kutengenezwa juzi inaunguza ngozi.

Hatua ya 2, kuweka wembe mpya. Shika zile ncha mbili fupi zisizo na makali, laza, kaza, angalia kama umetokeza sawa pande zote. Kile kikaratasi chake usitupe, kibandike pembeni ya kioo na kila ukimaliza kunyoa chora kistari kimoja kwa peni. Vikifika vitano huna haja ya kubishana na kumbukumbu yako.

Hatua ya 3, nyoa kufuata ndevu zinakolalia, mashine iinamishe kidogo kama nyuzi 30, uzito wake wenyewe unatosha. Geuza pande zote mbili zitumike sawa.

Hatua ya 4 ndo somo lenyewe: msikilize wembe. Wembe mzima unakata na kutoa kasauti kakavu ka kukwangua, hausikii kitu kwenye ngozi. Ukianza kuchoka, kitu cha kwanza ni kuvuta, hasa chini ya pua na kwenye kona ya kidevu, unahisi unywele unang'olewa kidogo kabla ya kukatika. Alafu unajikuta unarudia sehemu moja mara tatu, mkono unaanza kukandamiza wenyewe bila kujua, ukipaka spiriti inawaka shingo nzima. Ukiona unakandamiza tu, toa wembe hapo hapo hata kama ni mara ya pili, maana nyembe hazifanani, kuna pakiti moja inadumu na nyingine haina kitu. Na usijaribu makali kwa kidole jamani.

Hatua ya 5, suuza, kung'uta, weka mashine pakavu nje ya bafu. Usifute wembe na taulo, unaharibu makali na taulo. Ukiona doa la kutu kwenye makali, tupa bila kujali vistari.

Hatua ya 6, nyembe kuukuu ziingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko uliotobolewa kamlango kembamba. Sio jalalani, watoto wanachezea na wenye kukusanya taka wanakatwa.

MASWALI

Mkuu mimi nanyoa Jumapili tu, wembe mmoja si unaweza kwenda mwezi mzima?
Kwa hesabu ya vistari unaweza, ila ndevu za wiki nzima ni kazi kubwa kuliko za siku mbili, zipunguze kwanza kwa mkasi. Na uchunguze kutu, wembe uliokaa wiki bila kutumika kipindi hiki cha mvua unaweza kuwa umeshaliwa.

Kaka samahani, na sisi tunaonyoa miguu?
Karibu dada yangu. Eneo ni kubwa japo nywele ni laini, anzia mara 3 uone. Ila usiazime mashine ya mumeo ikiwa na wembe wake.

Mi na mdogo wangu tunachangia wembe, tunausuuza na maji ya moto, kuna shida?
Shida kubwa sana. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na mkwaruzo usiouona unatosha. Wembe kila mtu wake, hata kinyozi mwambie afungue mpya mbele ya macho yako.

Mwanangu, enzi zetu tulikuwa tunaunoa ndani ya glasi na unadumu mwezi.
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli watu walifanya hivyo, nyembe nyingi wakati ule zilikuwa chuma cha kushika kutu na kupata nyingine ilikuwa kazi. Za sasa zimepakwa utando mwembamba unaoteleza, ukizisugua kwenye glasi unautoa, zitakata ila zitakuwasha.

Vipele vyangu vina usaha, nibadilishe wembe kila siku?
Acha kunyoa kwanza ndugu, wiki mbili au zaidi mpaka vitulie, na kama vinauma nenda zahanati. Ukirudi anza na wembe mpya, usivute ngozi na usinyoe kinyume, ndevu zetu za kujikunja zikikatwa chini sana zinaota kwa ndani.