Dunia ya Tatu, nchi zinazoendelea au Kusini? Namna ya kuchagua kabla habari haijaenda hewani

Kazi yangu ni kuhariri habari za kimataifa redioni. Taarifa zinaingia kwa Kiingereza na Kifaransa kutoka mashirika ya nje, vijana wanazigeuza Kiswahili mbiombio, nami nazipitia kabla ya saa mbili usiku. Kinachonichosha zaidi ni majina ya kutuita sisi kwa ujumla. Aya ya kwanza utakuta "nchi za Dunia ya Tatu", ya pili "nchi zinazoendelea", ya tatu "Kusini mwa dunia". Ukimuuliza aliyeandika, atakwambia, "Dada, nilikuwa nakwepa kurudia neno." Kwenye insha za shule sawa. Lakini hapa kila jina lina orodha yake ya nchi, na orodha hizo hazilingani. Kabla hujachagua, jiulize: katika habari hii wanaohesabiwa ni akina nani, na nani kawahesabu?

Tuanze na kongwe. "Dunia ya Tatu" ilitoka kwa Mfaransa Alfred Sauvy, mtaalamu wa masuala ya idadi ya watu, katika makala ya gazeti mwaka 1952. Hakuwa anapanga nchi kwa ubora, kwamba kuna wa kwanza, wa pili na wa mkiani. Alikuwa anakumbusha lile Tabaka la Tatu la Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789, watu wa kawaida wasio makasisi wala makabaila, waliobeba kodi huku hawasikilizwi. Kwa hiyo jina lilizaliwa na madai ndani yake. Miaka mitatu baadaye nchi 29 za Asia na Afrika zikakutana Bandung, Indonesia, na mwaka 1961 Jumuiya ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote ikafanya mkutano wake wa kwanza wa wakuu wa nchi kule Belgrade, Septemba, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Ukisimulia mambo ya enzi hizo, andika Dunia ya Tatu bila wasiwasi. Andika pia kama ndivyo alivyosema mtu unayemnukuu. Usimrekebishie marehemu kauli yake.

Kwa habari ya leo liache. Lilitaja nchi zilizopuuzwa wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti vikishindana katika Vita Baridi; leo upande wa Kisovieti haupo tena, na jina lenyewe limegeuka tusi: hospitali ya Dunia ya Tatu, barabara ya Dunia ya Tatu. Kama barabara ina mashimo, sema ina mashimo. Na ukiletewa ile ramani inayozunguka mitandaoni kwamba Uswisi na Sweden "kiasili" ni Dunia ya Tatu kwa kuwa hazikuwa na upande, usiipokee. Sauvy alikuwa anazungumzia nchi zilizonyonywa na kupuuzwa, na Uswisi sijui ilinyonywa na nani.

"Nchi zinazoendelea" ndilo linaloonekana salama, na ndilo lenye mitego mingi. Hakuna orodha moja ya dunia nzima. Katika Shirika la Biashara Duniani, nchi inajitangaza yenyewe kuwa inaendelea, nyingine wakitaka wanapinga. Benki ya Dunia mwaka 2016 iliacha kugawa nchi hivyo katika takwimu zake kuu, inatumia kipato. Umoja wa Mataifa nao una orodha mahususi ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, iliyoanza mwaka 1971. Humo zimo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa. Kenya haimo. Kwa hiyo habari ya msamaha wa ushuru kwa nchi za orodha hiyo ikiandikwa "nchi zinazoendelea kama Kenya na Tanzania", mfanyabiashara wa Mombasa ataisikia na kupiga hesabu za faida ambayo si yake.

Msikilizaji mwingine atapiga simu: mbona mlitangaza mwaka 2020 kwamba Tanzania imeingia kipato cha kati, leo mnasema iko kwenye maendeleo duni? Yote mawili ni kweli. Benki ya Dunia inaangalia pato la taifa kwa kila mtu. Umoja wa Mataifa unaongeza hali ya afya na elimu, na jinsi uchumi unavyoyumba upesi ukipigwa na dhoruba au bei za nje. Taja ni kipimo cha nani, simu zitapungua.

Sasa "Kusini". Hili lilipata nguvu na ripoti ya mwaka 1980 ya tume ya Willy Brandt, kansela wa zamani wa Ujerumani Magharibi, iliyochora mstari kati ya Kaskazini tajiri na Kusini maskini, mstari ukazunguka Australia na New Zealand ili ziingie Kaskazini. Huku kwetu lina mwenyewe: Mwalimu Nyerere, baada ya kung'atuka urais, aliongoza Tume ya Kusini iliyotoa ripoti yake mwaka 1990. Ndiyo maana jina hili silikatai. Shida yake ni kwamba kwenye karatasi K kubwa inasaidia, redioni hakuna K kubwa. Msikilizaji wa Mtwara akisikia "nchi za kusini" anafikiria Msumbiji. Mara ya kwanza sema "nchi za Kusini, yaani nyingi za Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini na Karibea", kisha endelea.

Tena usilifanye kundi kuwa mtu mmoja mwenye mdomo. Mfano ninaowapa vijana ni kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022 kuhusu Urusi kuivamia Ukraine. Kichwa cha habari kilichokuja mezani kwangu: "Kusini yakataa kuilaani Urusi". Tazama kura zenyewe. Nchi 141 ziliunga mkono azimio, 5 zilipinga, 35 hazikuelemea upande. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda na Burundi hazikuelemea upande. Eritrea ilipinga. Ukanda wetu peke yake umegawanyika mara tatu! Nikaandika "Afrika Mashariki yagawanyika kura ya Ukraine", na habari ikawa fupi zaidi.

Mahali ambapo kundi kweli linasema kwa pamoja, tumia jina la chombo. Januari 2024 Kampala ilipokea mikutano miwili mfululizo, wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote na wa Kundi la 77 na China, muungano wa nchi zinazoendelea ndani ya Umoja wa Mataifa, na kuna walioichanganya. Hilo "na China" usilikate. Wala usishangae kwamba Kundi la 77 lina nchi zaidi ya 130: namba ni ya walioanza mwaka 1964. Saudi Arabia na Qatar zimo pia, kwa hiyo "kundi la nchi maskini" halifai.

Kama zimebaki dakika tano na taarifa ya shirika inasema tu "Kusini" imekasirika, tafuta humo ndani nchi mbili au tatu zilizotajwa, andika majina yao na walichosema. Isipotaja hata moja, ipeleke taarifa ya saa nne. Huenda kufikia hapo atakuwa ametokea mtu wa kusema jambo lenyewe.