Kabla na Baada ya Sindano ya Goti
Mchumaji wa karafuu wa Pemba aliyeteguka goti, na ambaye mapumziko na mazoezi ya viungo hayakumtosha, huenda akashauriwa kuchomwa sindano. Kwanza amuulize daktari ni dawa gani hasa itakayotumika, kwa kuwa sindano hizi hazifanani. Ile ya steroidi hutuliza uvimbe na maumivu kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwa mara kwa mara huweza kudhuru gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ya goti. Ile ya deksitrosi, yaani maji ya sukari, mara nyingi ya asilimia 12.5 hadi 25, huchomwa pale kano inaposhikana na mfupa, kwa nia ya kuzusha uvimbe mdogo utakaouchochea mwili ujitibu. Ushahidi wake bado ni mdogo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi.

Mwenye kisukari aseme mapema, kwani steroidi hupandisha sukari ya damu kwa siku chache. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye jipu karibu na kiungo, naye aseme.

Siku yenyewe, ngozi isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke kabla ya sindano kuingia.

Baadaye goti lipumzishwe siku moja au mbili, wala lisichuliwe kwa mafuta ya karafuu, hata jamaa wakisisitiza kwa huruma. Baada ya deksitrosi, maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, si diklofenaki, ambayo huzima ule uvimbe mdogo uliokusudiwa. Ikitokea homa, wekundu au maumivu yanayozidi, mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo.