Kabla Hujapeleka Uvimbe wa Titi Hospitali ya Serikali

Usingoje maumivu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauna maumivu mwanzoni, ndiyo maana watu wanaupuuza. Chuchu iliyozama ndani, ngozi kama ganda la chungwa, damu kwenye chuchu: nenda. Mwanaume naye aende.

Ukipewa antibaiotiki, ukamaliza dozi na uvimbe bado upo, rudi. Usipokee dozi ya pili kabla ya kupigwa picha. Kupapaswa peke yake hakutoshi. Ipigwe ultrasaundi au mamografia, kisha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kichukuliwe kikapimwe maabara.

Kwenye kinyama ndipo sisi tulipoungua. Dada yangu alitolewa kinyama Ijumaa mchana, kichupa nikakabidhiwa mimi nipeleke maabara, jina limeandikwa kwenye kifuniko. Kwenye kifuniko, jamani! Vifuniko hubadilishana kama kandambili mlangoni. Bahati yetu hakikubadilishwa. Majibu yalitoka baada ya wiki 5: ni saratani, basi. Daktari akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akauliza, "Vipokezi viko wapi?" Havikupimwa. Vipokezi ni protini za kwenye seli za saratani. Bila kuvipima daktari hajui kama uvimbe unachochewa na homoni, au una HER2 nyingi, protini inayoukuza haraka, na hawezi kupanga dawa sawasawa. Ikabidi kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kitafutwe, nasi namba ya maabara hatuna. Karani akapekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Kumbe jina la ukoo liliandikwa mbele. Wiki 3 nyingine zikayeyuka. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Zetu ziliishia dirishani kwa karani.

Kwa hiyo siku ya kinyama usitoke chumbani kabla ya kuuliza kama vipokezi vitapimwa na nani anaviagiza. Jina liwe ubavuni mwa kichupa, fomalini, ile dawa ya kuhifadhi, ifunike nyama yote. Namba ya maabara ipige picha kwa simu. Uliza majibu ni lini, na siku hiyo nenda mwenyewe. Usikae ukingoja kupigiwa.

Nakala za kila karatasi ziwe nyumbani. Nenda na mtu wa kusikiliza, maana neno saratani likishatamkwa masikio huziba. Mashine ikiwa mbovu, omba rufaa ya maandishi, usiridhike na "rudi mwezi ujao". Mitishamba utaletewa na kila jirani. Ukinywa chochote, daktari ajue. Fika mapema, beba maji na chaja, na usigombane na muuguzi wa mapokezi, wiki ijayo utamkuta palepale.