Kani au nishati? Jinsi ya kuchagua njia kwenye maswali ya mekanika

Watu wengi wakiona swali la mekanika wanakimbilia fomula kabla hawajajua wanaulizwa nini, ndo maana mtu anajaza ukurasa mzima na jibu halitoki. Soma kwanza mwisho wa swali. Likitaka muda, mchapuko au kani fulani kama mvutano wa kamba, tumia F = ma (kani = masi × mchapuko). Likitaka kasi baada ya kitu kushuka kimo fulani na muda hautajwi popote, tumia nishati, mistari miwili umemaliza.

Chukua boksi la kilo 2 linaloachiwa juu ya mteremko usio na msuguano, nyuzi 30, urefu mita 5, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia) iwe 10 m/s². Kimo ni 5 × sin 30° = 2.5 m, kwa hiyo juu lina nishati ya kimo mgh (masi × g × kimo) = 50 J na likifika chini zote zimegeuka nishati mwendo, ½mv² = 50, kasi inatoka kama 7.1 m/s. Kwa njia ya kani lazima uchore mchoro, tena usiuruke hata kama swali ni jepesi: uzito unaelekea chini wima, uso wa mteremko unasukuma boksi kwa pembe mraba (kani hii haifanyi kazi yoyote, ndo maana kwenye nishati hatukuihitaji), na kinacholivuta kufuata mteremko ni mg sin 30° = 10 N. Mchapuko ni 10 ÷ 2 = 5 m/s², v² = 2 × mchapuko × umbali = 2 × 5 × 5 = 50, jibu lilelile. Ila ukiulizwa limetumia muda gani, nishati peke yake haikwambii, mchapuko ndo unakwambia: 7.1 ÷ 5, kama sekunde 1.4.

Msuguano ukiingia usiitupe nishati, we toa tu kazi iliyoliwa na msuguano. Tuseme kizigeu chake ni 0.2, yaani msuguano ni 0.2 mara kani ambayo uso unasukumia boksi. Kani ya uso hapa ni mg cos 30° = 17.3 N, SIYO mg, na hapa ndo maksi nyingi zinapotea. Msuguano unakuwa kama 3.5 N, mara mita 5 ni kama 17 J, zinabaki 33 J, kasi 5.7 m/s. Imepungua, inaingia akilini.

Maswali matamu zaidi ni yale yanayotaka njia zote mbili kwa zamu. Mfano, mpira umefungwa kwenye kamba ya urefu L, unaachiwa kamba ikiwa imenyooka mlalo, je mvutano ni kiasi gani mpira ukipita chini kabisa? Mtu haraka haraka anaandika T = mg (T ni mvutano), anasahau kwamba mpira unazunguka duara kwa hiyo pale chini una mchapuko kuelekea juu, katikati ya duara. Nishati inakupa kasi: mgL = ½mv², yaani v² = 2gL. Halafu kani: T − mg = mv²/L, weka v² uliyoipata, upande wa kulia unakuwa 2mg, basi T = 3mg. Angalia L imejifuta yenyewe, kamba iwe fupi au ndefu mvutano ni uleule, mara 3 ya uzito wa mpira.